Jina Nililolisoma Mbele ya Ghala

Kang'wa hapigi simu asubuhi. Saa hizo huwa zizini, na mtu akimkatisha kukamua anaweza kutukanwa hadi ukoo. Kwa hiyo aliponipigia saa moja na nusu, chai yangu ikiwa bado inatoa moshi mezani hapa Somanda, nilijua kuna jambo. "Mwangaluka, Mwalimu," alisema. "Mwangaluka, Kang'wa. Mhola?" "Mhola duhu. Wameipata!" Nikamuuliza wamepata nini, ingawa nilijua, nilijua tangu jana yake. "Barua ya mama! Ile aliyomwandikia Rais. Mjukuu kaniletea kwenye simu, imo humu, naiona. Njoo unisomee. Hawa watoto wanasoma kama wanakimbizwa na nyuki, na hili si jambo la kusomewa haraka. Njoo wewe." Nikasema nitakuja Alhamisi. Kisha nikakaa hadi chai ikapoa, nikaimwaga.

Ilikuwa hivi. Barua za mmoja wa marais wetu wastaafu zimetolewa kwenye maboksi, zinapangwa na kupigwa picha ili watu wazisome kwenye kompyuta. Kuna za siasa, alizoandikiana na wakubwa wenzake, kuna za ndugu zake na marafiki, na kuna maboksi ya barua za watu kama sisi, waliomlilia shida zao kwenye karatasi za daftari. Binti mmoja anayefanya kazi kwenye hifadhi hiyo, Neema, alikutana na barua iliyotoka upande wa Zagayu, akavutiwa nayo, akautuma ukurasa wa kwanza kwenye makundi ya WhatsApp ya Bariadi akiuliza kama kuna anayemfahamu mwandishi. Ikazunguka. Kwenye kundi letu la walimu wastaafu mmoja akaandika, "Mwandiko huu mbona kama wa Mwalimu Kabula?" Nami nikamjibu kwa vikatuni viwili vinavyocheka machozi. Nimeandika ubaoni maisha yangu yote ya kazi, ule mwandiko naujua kuliko ninavyoijua sura yangu. Ulikuwa wangu, wa nilipokuwa na miaka kumi na sita, umeinama upande mmoja na una mbwembwe kwenye herufi kubwa.

Mwandoya, nyuma ya nyumba ya Kang'wa, kuna kaburi la saruji la mama yake, na juu yake wajukuu wamechonga: MBUKE. ALIMWANDIKIA RAIS. Kang'wa amewalea watoto na wajukuu kwa maneno hayo. Mtoto akiogopa kwenda shule, akiogopa mbwa, akiogopa sindano, anaambiwa nyanya yako alimwandikia Rais na wewe unaogopa nini. Lakini Mbuke hakumwandikia mtu yeyote. Aliyemwandikia Rais ni bibi mwingine, Nshoma, na aliyeshika kalamu ni mimi. Na kwa nini aliyekufa ni Mbuke ni jambo ambalo sikupata kulisema popote, si kwa mume wangu alipokuwa hai, wala kwenye kitubio. Jina la Nshoma liko ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili ukifika Mwandoya, nitakuwa nimevuliwa nguo.

Mwaka wa barua ile nilikuwa nakaa Zagayu kwa baba mdogo, Jilala, nikingoja bahati ya kusoma zaidi. Jilala alikuwa kamanda wa sungusungu wa kijiji. Nisiwasingizie, walinzi wale walianza vizuri. Kabla yao wezi walikuwa wanaswaga zizi zima jua likiwaka, na anayewafuata anarudishwa kwao amebebwa kwenye ngozi. Sungusungu walipoanza kupuliza filimbi zao, ng'ombe wakalala salama na watu wakawapenda. Ila mtu akishazoea kuchapa, hutafuta wa kuchapa. Mwanzoni mwa mwaka ule nilimwona mwanamume aliyeiba mbuzi akifungwa kwenye nguzo ya ghala la pamba na kupigwa hadi shati likaingia kwenye nyama ya mgongo, wakamwagia maji ya chumvi, akalia kwa sauti ambayo sikujua mwanamume anayo. Jilala alirudi nyumbani, akanawa, akaniuliza kama ugali umeiva. Mimi nilimpakulia. Hilo nalo lazima niliseme, kwamba nilimpakulia na kumsogezea bakuli.

Chumba cha mbele cha Jilala nakikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyolala baadaye. Pinde zilitundikwa ukutani, mishale imefungwa pamoja kwa kamba ya katani, redio imefunikwa kitambaa cha kufuma, na katikati kuna mkeka ambapo wanaume wanane au tisa walikula kutoka sinia moja. Ugali wa mtama, nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, iliyoungwa karanga, siku nyingine nyama ya faini waliyomtoza mtu. Kazi yangu ilikuwa kuwamiminia maji ya kunawa, na mtu anayemimina maji hakuna anayemwona. "Macho ya yule mama umeyaona?" mmoja angesema akitowea. "Nimeyaona. Mekundu kama pilipili." "Na mtoto wa jirani yake kafa." "Nfumu kasema nini?" Nfumu ni mganga wa kupiga ramli, na kauli yake kwao ilitosha. "Kasema upande wa magharibi, karibu na bwawa." "Basi ni yeye." Kisha mtu anaomba kuongezewa mboga. Walipanga kuua wakiwa wanakula, kwa sauti ile ile ya kupanga nani atapalilia shamba la nani kesho. Macho mekundu! Kijiji chetu hakikuwa na mti wa kukata kuni, wanawake wote walipika kwa mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya pamba, wakapuliza moto maisha yao yote. Yule ambaye angefika uzee na macho meupe ndiye angestahili kushangaza watu.

Wa upande wa magharibi aliitwa Ngolo. Walimuua wakati wa kuvuna pamba, saa nne asubuhi, shambani kwake, kwa panga. Shamba la Ngolo lilipakana na mashamba ya wajane wawili, Nshoma upande mmoja na Mbuke upande wa pili. Mbuke siku hiyo alikuwa gulioni. Nshoma alikuwepo, ameinama katikati ya mistari ya pamba, akasikia Ngolo akisema, "Wanangu, mnanitafuta mimi?" halafu akasikia panga. Alilala kifudifudi kwenye udongo hadi jua likawa utosini. Aliwaona waliofanya, wawili kati ya wale waliokuwa wanakula kwetu, na alimwona Jilala amesimama pembeni ya shamba na filimbi mdomoni, akilinda. Mimi nilimwona Ngolo alipoletwa. Pamba iliyokuwa kwenye kanga aliyojifunga kiunoni ilikuwa imelowa ikashikamana, na mkono mmoja uliletwa na mtu mwingine, nyuma ya wenzake. Wiki hiyo hiyo Mbuke alifunga virago akahamia Mwandoya kwa binti yake Kang'wa. Hakuaga.

Nshoma hakuwa na mtoto wa kumkimbilia. Alinitafuta mimi kwa sababu nilikuwa nawaandikia watu barua za kwenda kwa wanao walioko Shinyanga na Mwanza, na sifa yangu ilikuwa kwamba nina mwandiko na sina mdomo. Tulikaa jikoni kwake asubuhi tatu. Moshi ulinikaba hadi nikaandika nikilia, naye alikuwa ananilisha michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa, kipande kimoja kimoja, ili nisichoke. "Anza na salamu," alisema. "Bibi, ni barua ya Rais, wanaandika Yahusu." "Rais hana mama? Anza na salamu. Muulize ng'ombe wake wanakunywa wapi. Muulize mvua ya kwao." Nikaandika ng'ombe, nikaandika mvua, ukurasa mzima ukaisha tukiwa bado tunamsalimia. Ndipo akaanza kusema ya Ngolo, bila kulia, taratibu, na majina ya wale watu wawili na la Jilala akayataja mara mbili ili nisikosee. Alipomaliza alinishika mkono. "Mjukuu wangu, jina langu usiliandike. Mwambie ni bibi mmoja tu, shamba lake limepakana na la marehemu. Inatosha." Nikasema sawa.

Nikaliandika. Nilifika nyumbani, nikanakili upya kwa usafi, na chini kabisa nikaandika jina lake, lake na la baba yake, kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba barua isiyo na jina hutupwa kapuni, na mimi nilikuwa na bidii ya shule hata pasipo na mwalimu. Langu sikuliandika. Hilo hakuna aliyenifundisha, nililijua mwenyewe. Niliipeleka posta ya Bariadi siku nilipotumwa dawa, nikailamba stempu kwa ulimi mkavu, na nilirudi njia nzima nikijiona mtu mkubwa. Miezi ikapita. Nikaanza kuamini kwamba Rais hasomi barua, nikashukuru.

Alikuwa anasoma. Neema amenitumia kurasa zote, baada ya mimi kumpigia na kumwambia ndimi niliyeandika. Pembeni, kwa wino wa kalamu ya mkono, Rais mwenyewe aliandika mistari miwili, akiagiza bibi huyo alindwe na jina lake lisitoke mle ofisini. Chini yake kuna mwandiko mwingine, wa mtu ambaye labda alikuwa na mafaili mengi na njaa ya mchana, unaosema nakala ipelekwe chini kwa hatua. Ndivyo kazi ilivyofanyika na ndivyo inavyofanyika bado, lalamiko linashuka ngazi moja baada ya nyingine, kila meza ikiongeza mhuri, hadi linafika kwa yule anayelalamikiwa, aombwe kuchunguza. Neema alinisomea mistari ile ya Rais kwenye simu kwa sauti ya furaha, alidhani ananipa zawadi. Kisha akaniambia naweza kuomba jina langu lifichwe barua itakapowekwa wazi. Nikamwambia aliandike, lote, na jina la baba. Nilikuwa nimeketi kitandani, nikaona aibu kwamba imenichukua uzee mzima kusema hivyo.

Nakala ilifika kijijini kipindi cha kupanda. Ilikuwa imepigwa taipu, kwa hiyo mwandiko wangu haukuwemo, na juu yake kulikuwa na barua ya wilaya ikitaka vyombo vya ulinzi vya kijiji vitoe taarifa. Chombo cha ulinzi kilikuwa Jilala. Mwenyekiti alimkabidhi bahasha bila kuifungua, Jilala akaja nayo nyumbani mchana, wanaume wakala, wakanawa, kisha akaita, "Kabula! Njoo utusomee hii ya serikali." Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa msomaji. Niliichukua, nikaona "Mheshimiwa Rais, ng'ombe wako wanakunywa wapi," nikayatambua maneno yetu. Nikasoma. Walicheka salamu hadi mmoja akakohoa. Halafu nikasoma shamba, na panga, na majina matatu, moja baada ya jingine, wakiwa wamekaa mbele yangu, na kicheko kikakatika. Jilala hakunitazama mimi, alitazama karatasi. "Nani kasema hayo?" aliuliza. "Soma jina."

Nimejiambia mambo mengi kuhusu dakika ile. Nimejiambia nilitaka kumwokoa Nshoma, na ni kweli, nilitaka. Lakini nilijua vilevile kwamba wakimkamata Nshoma watamuuliza aliandikiwa na nani, na Nshoma akichapwa atasema. Akili yangu ya mtoto wa shule ikatafuta jina litakaloingia kwenye sentensi. Bibi mmoja, shamba lake limepakana na la marehemu. Kulikuwa na wawili tu, na mmoja alikuwa Mwandoya, mbali, kwa binti yake, amekwenda salama. "Mbuke," nikasema. "Ameandika Mbuke." Mmoja akapiga paja. "Ndiyo maana alihama!" Jilala akaikunja karatasi mara nne, akaiweka mfukoni, akaniambia nimchotee maji.

Kosa langu lilikuwa kufikiri Mwandoya ni mbali. Na hapo ndipo nilipojionyesha kwamba nilikuwa nimekaa na wale watu bila kuwaelewa. Sungusungu hawakuwa wa kijiji kimoja. Likitoka neno Zagayu, lilikimbia kwa filimbi na kwa miguu, kijiji kinampa kijiji kingine, na mtu anayetakiwa hurudishwa vivyo hivyo, anasindikizwa hadi mpakani, anapokelewa na wa kijiji kinachofuata, wanamhesabia fimbo zao, wanampeleka mbele. Mbuke alichukuliwa Mwandoya akiwa anatwanga. Alikabidhiwa mikono kwa mikono siku tatu. Alipofika kwetu saa nane mchana alikuwa hana kiatu, midomo imevimba, kitenge kimoja tu mwilini, na nyayo zake ziliacha alama nyekundu kwenye sakafu ya saruji ya ghala la pamba. Watu wote wa kijiji walikuwa wameitwa. Alitusalimia. "Mwadila, bhabehi," alisema, habari za mchana, jirani zangu. Hakuna aliyeitikia.

"Umemwandikia Rais," Jilala akasema. "Mimi?" Mbuke akajibu. "Mimi kalamu naijua? Nimwandikie kwa mkono gani?" "Umeandikiwa." "Na nani?" Jilala akageuka, akaanza kututazama mmoja mmoja, na nilihisi mkojo ukitaka kunitoka. Mbuke akasema, "Jilala, mwanangu, kuna kosa. Nani aliyekusomea?" Jilala akanionyesha mimi kwa kidevu, naye Mbuke akasema, "Basi mtoto asome tena, mbele ya watu. Labda ni Mbuke mwingine. Mbuke wako wengi." Jilala akatoa karatasi mfukoni, akanipa. Mbuke alinitazama. Alinijua tangu mdogo, aliwahi kunitoa mwiba wa mguu kwa meno yake. "Soma, mwanangu," akasema. "Soma polepole, usiogope."

Nshoma alikuwa amesimama na wanawake, hatua chache kulia kwangu. Jina lake lilikuwa mkononi mwangu kwa wino mweusi wa mashine. Mara ya kwanza, chumbani kwa Jilala, nilishtushwa, na mtu akishtushwa husema lolote. Mara ya pili hakuna aliyenishtua. Nilikuwa na siku tatu za kufikiri na bibi mwenye damu miguuni akinisihi nisome vizuri. Nikainua karatasi, nikasoma polepole, kama alivyoniambia. Nikasoma Mbuke.

Kulikuwa na desturi moja ambayo Jilala na wenzake waliisimamia kuliko zote. Kila kaya ilitakiwa kupiga. Kila aliyesimama pale alipewa fimbo au rungu, apige kwa zamu, ili kesho serikali ikija isimkute mmoja wa kumwonyesha kidole. Walianza wanaume. Pigo la kwanza lilimvunja bega, nililisikia. La pili lilimwangusha. Alipiga kelele mwanzoni akiita jina la binti yake, Kang'wa, Kang'wa, mara nyingi, kisha meno yakatoka na maneno hayakueleweka tena. Rungu moja lilimpata kwenye jicho. Wanawake walipoletwa kwenye mstari alikuwa bado anapumua, kifua kinapanda na kushuka kwa kishindo, na mkono mmoja ulikuwa unakuna saruji. Nshoma alipiga. Nilimwona. Alipiga akiwa amefumba macho, akatoka pembeni akatapika. Na mimi nilipewa fimbo na baba mdogo kwa mkono wake, nikampiga Mbuke mguuni, polepole, na ilinichukua miaka kukubali kwamba polepole haikumsaidia chochote. Alikufa kabla ya zamu kufika mwisho, lakini waliobaki nao walipiga, kwa sababu desturi ni desturi. Polisi walikuja baada ya siku nyingi na gari moja. Walikuta kijiji kizima kimeua, wakaandika, wakaondoka.

Nshoma alinijia mara moja tu, kisimani, asubuhi, nikiwa peke yangu. Aliweka ndoo chini. "Nilikuomba usiliandike, ukaliandika," alisema. "Ulipotakiwa kulisoma, hukulisoma." Nilitegemea atanipiga au atanishukuru, nilikuwa tayari kwa yote mawili. Aliniangalia kwa yale macho yake yaliyoharibiwa na moshi, akajitwisha ndoo, akaenda. Aliishi miaka mingine mingi, akafa kitandani, na kila tulipokutana njiani alipita upande wa pili.

Kang'wa alikuja kumchukua mama yake kwa mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa amenizidi miaka miwili, mjamzito, amevaa koti la mumewe. Kijiji kizima kilijifungia. Mimi nilitoka, sijui kwa nini, labda kwa sababu kumwona mtu anapakia mama yake peke yake kulinishinda. Tulimfunga kwenye mkeka, tukamwinua, na nilishika upande wa miguu. Alipomaliza kukaza kamba akaniuliza, "Wewe ulikuwepo?" Nikasema nilikuwepo. "Alisema nini?" Nilimtazama uso, umekauka, hauna hata chozi, na nikampa kitu nilichokuwa nacho. "Alisimama," nikasema. "Alisema ndiyo, mimi nimemwandikia Rais, na sijutii." Kang'wa akalia hapo ndipo, akanikumbatia, tumbo lake likanigusa. Urafiki wetu ulianzia kwenye uongo huo. Nilipokuwa mwalimu nililea watoto wake watatu nyumbani kwangu wakisoma, nikawafundisha kusoma na kuandika kwa mkono huu huu. Nilikuwa najua ninachofanya, na nilikuwa nawapenda. Vyote viwili.

Alhamisi nilifika Mwandoya saa tano. Kang'wa alikuwa amevaa gauni la kitenge kipya na amechinja kuku. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, kimenyunyizwa maji, viti viwili vimewekwa vikitazamana na meza katikati, na simu yangu nikaiweka mezani kama msahafu. Watoto aliwafukuza wote nje. "Soma," akasema, akafunga mikono. Njiani nilikuwa nimefikiria sababu za kutokiri. Nilifikiria kwamba hajui kusoma, kwamba ukurasa wa pili uko kwangu, kwamba hata Neema akiuweka wazi itachukua miezi kufika huku, na yeye ni mtu wa presha. Ningesema Mbuke mara ya tatu na tungekula kuku tukicheka. Nilianza na salamu. Nilipofika kwenye ng'ombe wa Rais wanakunywa wapi, alipiga makofi. "Huyo ni mama! Huyo ni mama kabisa! Angemuuliza hata Yesu habari ya ng'ombe!" Alifuta machozi kwa kiganja. Nikaendelea na shamba, na Ngolo, na panga, akawa anatikisa kichwa. Nikafika chini.

"Ni mimi," nikasoma, "Nshoma binti Lugembe."

Alingoja niendelee. Kisha akasema, "Jirani yetu Nshoma? Anaingiaje humu?" Nikamwambia. Nikamwambia jiko la Nshoma, na chumba cha Jilala, na jina lililoingia kwenye sentensi, na ghala, na karatasi mara ya pili, na fimbo niliyopewa, na kwamba maneno ya kutojuta niliyatunga mimi karibu na mkokoteni wake. Sikulia, nilijizuia, kwa sababu niliona kulia kungekuwa kumwomba anibembeleze. Nje watoto walikuwa wanacheza na mmoja alikuwa anahesabu kwa sauti. Kang'wa hakuinuka wala hakupiga kelele. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, imekakamaa, mikono ya mtu aliyekamua maisha yake yote.

"Mara ya pili," akasema. "Ulipokuwa unasoma. Alikuwa anakuangalia?"

"Alikuwa ananiangalia."

"Alikuambia nini?"

"Nisome polepole. Nisiogope."

Akaitikia kwa kichwa. "Na alipokuwa anapigwa? Usinitungie."

"Alikuita wewe. Alikuita mpaka aliposhindwa."

Kang'wa alisimama, akaenda jikoni. Nilisikia mfuniko wa sufuria. Nilidhani hatarudi, nikashika mkoba wangu, lakini alirudi na bakuli la maji, akaninawisha mikono bila kunitazama, akaweka ugali, akaweka kuku, mapaja yote mawili, na firigisi ambayo kwao hapewi mgeni wa kike. "Kang'wa," nikasema. "Kula," akasema. "Mtu hatoki kwangu na njaa. Kula umalize, halafu usirudi. Na simu yangu usiipige."

Alikwenda kusimama mlangoni, mgongo kwangu, akatazama upande wa kaburi. Nilikula. Nilikula ugali wote, nikatafuna hadi mifupa, taratibu kadiri nilivyoweza, kwa sababu muda wote niliokuwa natafuna nilikuwa bado nimo nyumbani kwake.